UZI: Klabu ya michezo chuoni, uingie au uache? Tupige hesabu kabla ya kulipa kiingilio

KiungoMkabaji (mwanzisha uzi)

Wakuu, mwaka wa masomo ukianza tu klabu zinatandaza meza zao na kila meza ina mtu wa kukuchangamkia. Raga, wavu, hoki, makasia, frisbi, kriketi. Swali linaloletwa humu ni lile lile: niingie au niache? Majibu huwa ya ushabiki au ya vitisho, na yote hayamsaidii muulizaji. Naomba uzi huu uwe wa hesabu na ukaguzi. Makocha, wahazini na watu wa tiba, mwageni madini.

Kwanza tuelewane tunaongelea nini, maana vyuo vingi vina ngazi tatu na watu huzichanganya. Ipo timu ya chuo yenyewe: kocha ameajiriwa, usafiri unalipiwa, mchujo ni mkali na ratiba haina mjadala. Ipo ligi ya ndani, darasa kwa darasa au bweni kwa bweni: mechi moja kwa wiki, mazoezi hakuna, ukikosa hakuna atakayekununia. Klabu iko katikati. Inacheza na vyuo vingine na ina msimu kamili, lakini wanaoiendesha ni wanafunzi wenyewe. Chuo kinaitambua, pengine kinaipa uwanja na ruzuku kidogo. Kilichobaki ni michango. Ukijiunga umeingia timu na chama kwa mpigo: katiba, mikutano, madeni, na mabegi ya mipira ya kubeba.

Sasa saa. Tangazo litasema "mazoezi mara tatu kwa wiki, saa mbili mbili". Mtu anaandika 6 anafurahi. Ongeza kutembea hadi uwanjani, kubadili nguo, kukusanya koni, kuoga na kurudi: dakika 45 hadi 60 kila zoezi. Tayari uko kwenye 8 hadi 9. Mechi ya nyumbani ya dakika 80 inakula saa 4 ukihesabu kufika mapema, kupasha misuli na kufungasha. Mechi ya ugenini yenye safari ya saa 3 kwenda na 3 kurudi ni saa 10. Wiki ya nyumbani ni saa 12 hadi 13, ya ugenini 18 hadi 19. Mashindano ya siku mbili yanameza wikiendi nzima.

Linganisha na masomo. Vyuo vinavyotumia mfumo wa ECTS wa Ulaya huhesabu krediti moja kuwa saa 25 hadi 30 za kazi, na mwaka ni krediti 60, yaani saa 1,500 hadi 1,800. Gawa kwa wiki 40: saa 38 hadi 45 kwa wiki, ukichanganya vipindi na kujisomea. Jumlisha 13 za klabu, ufike 51 hadi 58. Hapo mtu mzima anamudu. Ongeza kibarua cha saa 15, au wiki tatu za ugenini mfululizo zinazoangukia mitihani ya katikati ya muhula, habari inakuwa nyingine.

Kwa hiyo usiangalie wastani, angalia wiki mbaya kuliko zote. Omba ratiba ya msimu, au ya mwaka jana kama mpya haijatoka, iweke kando ya tarehe za mitihani na za kuwasilisha kazi, kisha weka alama kila zinapogongana. Mgongano mmoja au miwili unazungumzika. Ikifika minne, ama unakosa mechi ama unakosa alama, na ni bora ujue sasa.

---

Mweka_Hazina

Mkuu umemaliza upande wa saa, mimi naleta upande wa mfuko.

Swali la "ada ni kiasi gani" ni swali nusu. Uliza inalipia nini. Kwa kawaida ada hulipia usajili wa ligi, marefa, kukodi uwanja, mipira na (siyo kila mahali) bima. Kwa kawaida hailipii njumu, kinga ya meno, vikinga ugoko, chakula cha safarini, malazi ya ugenini na nguo za mazoezi. Jezi ya mechi nayo ina namna mbili: ya klabu inayorudishwa mwisho wa msimu, au ya kununua. Vyote hivyo vikijumlishwa, mara nyingi vinaipita ada yenyewe.

Balaa hasa liko kwenye usafiri. Gari la watu 28 limekodiwa, wamejiandikisha 28, bei ya kiti ikapigwa kwa 28. Siku ya safari wanatokea 16. Kodi ya gari haijapungua hata senti, kwa hiyo kila aliyekwenda anabeba mara 1.75 ya alichoambiwa, au klabu inabaki na deni. Muulize mhazini: aliyejiandikisha asitokee anadaiwa? Klabu yenye sheria ya "jina lako, kiti chako, deni lako" huwa na hesabu zinazosimama. Inayosema "tutaona" itakuja kuchangisha katikati ya msimu.

Omba kuona mapato na matumizi ya mwaka uliopita. Si uchokozi, klabu iliyosajiliwa husomea wanachama hesabu kwenye mkutano mkuu. Angalia akaunti iko kwa jina la nani na watoa saini ni wangapi. Kama michango inaingia kwenye simu ya mtu mmoja na risiti hazitoki, hata awe mwaminifu kama malaika, siku akihitimu mnaanza kutafutana.

Na tafadhali: usinunue vifaa wiki ya kwanza. Njumu za aina yoyote zinazoruhusiwa uwanja ule zinatosha mazoezi matatu ya mwanzo. Kitu pekee usichoazima ni kinga ya meno. Ile ya kulainisha kwa maji ya moto inataka ufuate muda ulioandikwa kwenye pakiti. Ikikaa kidogo haishiki umbo la meno, ikizidi inapoteza umbo lake. Ikishatobolewa kwa kutafunwa, tupa.

---

Chipukizi07

Nashukuru kwa bandiko. Swali la mgeni: kama mtu hajawahi kucheza mchezo wowote kwa ushindani, kuna klabu itampokea au ni kujiaibisha?

---

Kocha_wa_Jioni

Karibu ndugu. Inategemea mchezo, na tofauti ni kubwa.

Michezo ambayo wengi hawajaigusa kabla ya chuo hutegemea wageni ili iishi. Makasia ndiyo mfano bora: boti ya watu wanane inataka wapiga makasia 8 na mshika usukani mmoja. Huyo wa usukani hapigi kasia. Anatakiwa awe mwepesi, mwenye sauti na akili tulivu. Frisbi ya timu, ile iitwayo Ultimate, ni watu 7 kila upande, kisahani cha gramu 175, na kwenye mechi za kawaida hakuna refa: wachezaji wenyewe wanaita faulo na kujadiliana. Raga nayo inapokea maumbo yote, mnene na mwembamba, mrefu na mfupi, maana kila namba ina kazi yake.

Mpira wa miguu, kikapu na wavu ni kinyume chake. Wanaojitokeza wamecheza tangu utotoni na nafasi ni chache: watano kikapuni, sita kwenye wavu. Anayeanza kabisa akachezee ligi ya ndani, hakuna aibu yoyote.

Kuhusu majaribio. Klabu nyingi hupima pumzi kwa mbio za mlio: unakimbia mita 20 kwenda na kurudi, ukifuata mlio unaozidi kwenda mbio. Unaanza kwa kilomita 8.5 kwa saa, unaongezeka 0.5 takriban kila dakika. Makosa ni yale yale kila mwaka. Mtu anatoka kama mshale hatua za mwanzo, anafika kabla ya mlio na kusimama akisubiri, kisha anaanza upya kutoka sifuri kila mara. Mwingine anageuka kwa duara kubwa badala ya kukanyaga mstari, kushusha kiuno na kusukuma. Fika pamoja na mlio, wala si kabla. Badilisha mguu wa kugeukia, la sivyo paja moja litachoka kabla ya jingine. Wiki nne za mazoezi, mara tatu kwa wiki, zinabadilisha mambo kwa anayetoka kwenye kukaa tu.

Makocha pia wanakuangalia pale unapodhani hawakuangalii: umepoteza mpira, sekunde mbili zinazofuata unafanya nini? Anayerudi kukaba anachukuliwa kabla ya fundi anayesimama kushika kiuno.

Halafu kuna swali ambalo watu wanalionea haya, nalo ndilo la maana: kikosi cha pili kilicheza mechi ngapi msimu uliopita? Usiulize "mna kikosi cha pili?", maana jibu ni ndiyo siku zote. Uliza ngapi. Kikosi cha siku ya mechi cha raga ya watu 15 kwa kawaida ni watu 23. Klabu ina wanachama 45 na timu moja tu inayocheza kweli: watu 22 wanalipa ada, wanafanya mazoezi, na Jumamosi wanabaki bwenini. Kama wewe ni wa kuanza, hao 22 ndio wenzako.

---

TibaViungo

Niongeze upande wa mwili, maana fomu za afya watu huzijaza kwa kutia tiki "hapana" mstari hadi mstari bila kusoma.

Mambo matatu yakupeleke kwa daktari kabla ya zoezi la kwanza: umewahi kuzimia au kukaribia kuzimia ukiwa katikati ya mazoezi, unapata maumivu au kubanwa kifua ukikimbia, katika familia kuna aliyefariki ghafla kwa moyo kabla ya miaka 50. La nne, kama una vinasaba vya selimundu, hata kama huumwi, mwambie kocha. Si kizuizi cha kucheza, ila mbio za kasi mfululizo bila kupumzika, hasa kwenye joto au mwinuko mkubwa, zinaweza kukuangusha vibaya. Unatakiwa kupandisha mazoezi taratibu na kuruhusiwa kusimama pale unapohisi misuli inaishiwa.

Wiki mbili za mwanzo ndizo za kuogopa kuliko mechi. Mtu alikuwa amekaa likizo nzima, siku ya kwanza anapigishwa "pushapu" na kuchuchumaa mamia kwa mamia. Misuli inavunjika kupita kiasi na kumwaga uchafu wake kwenye damu, figo zinalemewa. Dalili: maumivu na uvimbe usiolingana na kazi uliyofanya, mkono au mguu kukosa nguvu, na mkojo wa rangi ya chai ya rangi. Hiyo ni hospitali siku hiyo hiyo, hakuna kusubiri kesho. Klabu inayotumia mateso ya namna hiyo kama "kupima moyo wa mtu" ikimbieni.

Kichwa. Kwenye raga, hoki na mpira, waulize sheria yao ya mtikisiko wa ubongo. Jibu sahihi linaanza na: anayeshukiwa anatoka na harudi siku hiyo. Kuzimia si sharti, kuduwaa, kupepesuka au kuuliza "tunacheza na nani?" vinatosha. Baada ya hapo ni mapumziko ya kadiri kwa saa 24 hadi 48, kisha kurudi kwa hatua, kila hatua isiyo ya kugongana walau saa 24, na daktari kuidhinisha kabla ya zoezi lenye kugongana. Akitapika mara kwa mara, kichwa kikazidi kuuma, akapata degedege au usingizi usioamshika, ni dharura. Klabu ikikujibu "huwa tunaangalia hali", umepata taarifa uliyoitaka. Na mjue mtikisiko hauli mechi tu: kusoma na kukodolea skrini kwa muda mrefu huweza kuamsha maumivu kwa siku kadhaa, kwa hiyo na mitihani inaguswa.

Goti. Ligamenti ya mbele, ACL (ukano unaoshikilia mifupa ya goti), ikikatika na kufanyiwa upasuaji, kurudi kwenye michezo ya kugeuka na kuruka kunashauriwa kusiwe kabla ya miezi 9. Hiyo ni mihula miwili ya kwenda kliniki. Wanawake wako kwenye hatari kubwa kuliko wanaume katika michezo ile ile. Kinachosaidia kinajulikana: FIFA ina programu ya kupasha misuli iitwayo 11+, dakika 20 hivi, mazoezi 15 katika sehemu tatu, mbio nyepesi, kisha nguvu na mizani, kisha mbio za kasi na kukata kona. Inapunguza majeraha ikifanywa angalau mara mbili kwa wiki, siyo siku za wageni tu. Nenda uwanjani dakika kumi kabla ya zoezi kuanza ujionee. Kama kupasha misuli kwao ni kupiga mashuti golini, ndivyo watakavyokutunza na wewe.

Kifundo cha mguu kikiteguka, kipimo cha haraka: huwezi kupiga hatua nne, au ukibonyeza mfupa wa kifundo unauma, kapigwe picha.

---

Bi_Mahesabu

Natofautiana kidogo na wanaosukuma watu waingie mwaka wa kwanza. Muhula wa kwanza mtu hajui somo lipi litamkaba, hajui maabara zinachukua muda gani, hajapata hata mtindo wa kusoma. Asubiri matokeo ya muhula mmoja, ndipo aamue.

---

Kocha_wa_Jioni

Dada, hoja yako ina uzito, lakini angalia kalenda ya klabu. Majaribio mengi ni mara moja kwa mwaka na usajili wa ligi una tarehe ya kufungwa. Anayesubiri muhula mmoja mara nyingi amesubiri mwaka, na mafunzo ya wageni yanafanywa wiki sita za kwanza. Akija baadaye anakuta wenzake wameshafundishwa kuanguka na kukaba salama, yeye anaingizwa moja kwa moja. Kwenye raga hilo ni hatari. Namshauri aingie mwanzo, asilipe ada ya mwaka mpaka dirisha la kujaribu liishe, na akiona masomo yanayumba ajitoe mapema.

---

Bi_Mahesabu

Kwa raga nakubali. Kwa wavu na kikapu bado nasema ligi ya ndani muhula wa kwanza, klabu baadaye. Na kujitoa kwenye klabu yenye watu tisa si rahisi kama unavyoandika, wenzake watamwona msaliti.

---

MaabaraJumanne

Wadau, ratiba ya maabara inagonga zoezi la Jumanne muhula mzima. Niende nikaseme au nijiandikishe kwanza halafu nijieleze?

---

KiungoMkabaji

Sema kwanza, kwa maandishi, kwa nahodha. "Nitakosa kila Jumanne hadi wiki ya 14, Alhamisi na Jumapili nipo." Nahodha anaweza kupanga na pengo analolijua, linalomvuruga ni la ghafla.

Ila angalia na mchezo wenyewe. Kuna michezo ambayo pengo la mtu mmoja linawakwamisha wote: boti ya wanane haiendi na saba, na safu ya mbele ya skrumu ya raga (pale wachezaji wanapofungamana kusukumana na wapinzani) haiwezi kujifunza kusukumana bila mtu wake wa kati. Kipa naye, akikosekana, mabeki wanazoea mpangilio wa mtu mwingine. Upande wa pili kuna mbio za nyika, kuogelea, tenisi, ambako zoezi ulilokosa unaweza kulifidia mwenyewe alfajiri. Mwenye maabara, mafunzo ya hospitali au kibarua cha zamu, michezo ya kundi hili la pili inamfaa zaidi. Au achague namba ambayo kikosi kina watu watatu.

---

Dereva_wa_Msimu

Hakuna aliyegusa nani anashika usukani, na hapo ndipo klabu za wanafunzi zinapoumizana. Mechi imeisha saa 12 jioni, mmekula, mnaondoka saa 2 usiku, dereva ni mchezaji aliyecheza dakika zote. Uliza: dereva ni wa kukodi au mwanachama? Kama ni mwanachama, kuna wa pili wa kupokezana? Chuo kimemwidhinisha? Bima ya gari inamhusu?

Yale magari ya abiria 15 yakijaa watu na mizigo kwa nyuma huwa rahisi kupinduka. NHTSA, wakala wa usalama barabarani wa Marekani, wameyatolea onyo zaidi ya mara moja. Mkiwa nayo, pungufu ya watu 10, mizigo isipande juu ya paa, viti vya mbele vijae kwanza, mikanda kwa wote.

---

Mweka_Hazina

Nyongeza fupi: ukiingia usikubali cheo mwaka wa kwanza. Klabu zikiona mtu anajibu ujumbe kwa wakati zinampa ukatibu wiki ya tatu. Katibu anapanga mechi, anabembeleza uwanja, anasaka refa Ijumaa usiku. Hizo ni saa 4 hadi 6 nyingine kwa wiki ambazo mwanzisha uzi hakuzihesabu, na hazimo kwenye tangazo.

---

Chipukizi07

Nimewaelewa wakuu. Nikitaka kutuma ujumbe mmoja kwa nahodha, niandikeje? Na nikijaribu nikaona haifai, ada inarudi?

---

KiungoMkabaji

Andika hivi, usirembe: "Habari nahodha. Nafikiria kujiunga, sijawahi kucheza. Naomba kujua: (1) mazoezi ni siku na saa ngapi, na kukosa kunahesabiwaje, (2) ratiba ya mwaka jana, hasa za ugenini, (3) ada inalipia nini na nini kiko nje, (4) kikosi cha pili kilicheza mechi ngapi, (5) bima ya majeraha inaanza lini, na mazoezi ya kujaribu yanahusika?" Hilo la 5 usilisahau. Klabu nyingi bima yao inawahusu waliosajiliwa tu, na wewe wiki ya kwanza si mmoja wao.

---

Mweka_Hazina

Kuhusu ada: tafuta kwenye katiba ya klabu tarehe ya mwisho ya kurudishiwa. Mara nyingi inafuata siku majina yanapopelekwa ligi, kwa sababu klabu ikishalipia jina lako pesa hiyo hairudi hata kwao. Kujitoa kuwe kwa maandishi kwa katibu na nakala kwa mhazini, kabla ya siku hiyo, ukitaja tarehe uliyolipa na namba ya risiti. Kumwambia nahodha mdomoni baada ya zoezi hakuhesabiki. Jezi na vikinga ugoko walivyokuazima virudishe siku hiyo hiyo, usainiwe kwenye daftari la vifaa, la sivyo watakukata kwenye marejesho.